Mstari wa Tatu Upande wa Kushoto

Miaka ile ya tisini vibao vingi vya mjini Nyeri vilitoka mkononi mwangu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na herufi iliyoinama. Nasema hivi bila haya. Kinyozi, duka la dawa, bucha, hoteli za chai na mandazi: ukitembea kutoka stendi hadi sokoni ulikuwa ukinisoma mimi njia nzima bila kujua. Watu walishangaa kwamba mwandishi ni mwanamke. Wengine walikuja kusimama chini ya ngazi yangu kungoja nianguke. Sikuanguka, na mkono wangu haukutetemeka, na kwa mambo hayo mawili nilijivuna kupita kiasi, kwa sababu sikuwa na la tatu.

Nilikuwa nimeondoka kwa mume wangu huko Othaya, kwenye majani chai. Hakunipiga, watu huuliza hilo kwanza. Aliacha tu kusema nami, mwaka wa kwanza, wa pili, hata nikawa naongea na ng'ombe ili nisisahau sauti yangu. Niliporudi nyumbani mama yangu aliniambia kwamba mwanamke ana kwake, na kwake si kwa mamake. Kisha akanipa chai, nikanywa, nikaondoka. Nikapanga chumba kimoja Gatitu, nikanunua ngazi. Kanisani akina mama walinisalimu vizuri tu, lakini kiti kilicho karibu nami hakikujaa mpaka vingine vyote vijae.

Nilikuwa mpweke. Sitaki kulizungusha neno hili. Nilipika githeri, mahindi na maharagwe, ya siku tatu kwa mkupuo mmoja, si kwa uvivu, ila kwa kuwa kupika cha mtu mmoja kila jioni kulinitia huzuni.

Kazi yangu ilikuwa na siri yake moja, na naitaja sasa kwa sababu itahitajika. Ubao wa zamani hausahau. Ukipaka rangi mpya juu ya maandishi ya zamani bila kuyakwangua, siku ya kwanza yote ni safi, mteja anatabasamu. Lakini rangi ya mafuta hukauka polepole, hujivuta, hushuka ndani ya kila mkwaruzo, na baada ya miezi kadhaa bucha inaanza kusomeka tena kwamba iliwahi kuwa ya fundi cherehani. Mteja hukasirika, hudhani umemwibia rangi. Mimi niligombana na wateja wawili kwa ajili hiyo, na mmoja nilimwachia ubao wake nusu.

Mzee mmoja alinijia nikiwa juu ya ngazi. Alisimama chini na fimbo yake, kofia ya kufuma kichwani, uso ameuinua lakini macho hayakufika niliko.

"Binti, ndiwe uliyeandika kibao cha kinyozi?"

"Ni mimi, mzee."

"Nimeambiwa herufi zako zimesimama kama askari. Una brashi ndogo?"

"Niko nayo."

"Shuka basi. Nina kazi isiyokuwa na ngazi."

Alikuwa Mngazija, mtu wa visiwa vya Komoro. Alipanda bara zamani, kabla ya uhuru, kuwa mpishi katika hoteli moja ya wazungu, na hoteli ilipobadilisha wenyewe na wageni yeye akabaki, akaoa, akafiwa na mke. Watoto hawakujaliwa. Alikaa chumba kimoja pale Majengo, karibu na msikiti, na ukungu wa machoni ulikuwa umemzidi: jicho moja liliona mwanga na vitu vikubwa, jingine halikuona kitu. Alikuwa na ulimi mkali. Siku ya kwanza tu, nilipomtajia githeri yangu ya siku tatu, aliniambia, "Nyinyi watu wa bara mnapika chakula kama mnakiadhibu." Nilitaka kuondoka. Kisha akanipa kipande cha mkate wa sinia, nikakaa.

Mlango aliuacha wazi. Ndivyo ilivyokuwa kila mara nilipokuwa ndani, hata mwezi wa saba wakati ukungu wa mlimani unaingia mpaka kitandani. Yeye mwanamume wa peke yake, mimi mwanamke wa watu, na majirani wana macho. Tulipigwa na baridi sote wawili kwa ajili ya heshima.

Mezani palikuwa na manowari. Aliichonga mwenyewe kwa mti wa podo kwa miaka mingi, wakati macho yangali mazima, na urefu wake ulitoka begani mwangu hadi kwenye ncha ya vidole. Mizinga alitengeneza kwa vijiti vya mwavuli: tisa, mitatu mitatu katika vibanda vitatu, vibanda viwili mbele na kimoja nyuma. Mabomba mawili ya moshi yalikuwa mikebe ya dawa ya mbu. Nyuma hapakuchongoka kama nilivyodhani meli zote huchongoka. Palikatwa wima, kama mgongo wa kabati.

"Meli nzuri, mzee," nikasema.

"Meli hubeba korosho. Hii ni manowari."

Kabla ya hoteli, kabla ya Nyeri, alikuwa amefanya kazi jikoni ndani yake. Wafaransa ndio waliotawala kwao Ngazija. Naye, angali kijana, akaandikwa kwenye stima zao, stima moja hadi nyingine, mpaka vita vikamkuta Dakar, na Dakar akahamishiwa kwenye manowari hii. Jina lake kwa Kifaransa lilikuwa na maana ya Utukufu. Yeye aliiita "yule bibi".

Kwa hiyo nilijifunza manowari kwa njia ya jikoni. Baada ya vita vya kwanza, alisema, mataifa makubwa yaliketi yakawekeana kipimo cha meli: ukubwa huu, mizinga hii, usizidi. Kila taifa likawa linatafuta namna ya kubana ukali mwingi ndani ya kipimo. Wafaransa walianza na manowari nyepesi tatu, zenye mbio sana lakini zisizo na ngozi. Chuma cha ubavuni kilikuwa chembamba hata hakikufaa kuitwa ngao. Wakaja wakaunda nyingine ya peke yake, ya mbio kuliko zote, mwili mwepesi mno, hata mizinga yake yote ikilia pamoja inajiumiza yenyewe. Ikabidi waikaze upya.

"Kama mtu mwenye hasira," akasema, na jicho lake likatafuta upande nilioketi.

Ndipo walipotulia wakaunda ndugu sita, na yule bibi alikuwa mmoja wao. Hizi zilipata ngao ya kutosha, mizinga tisa na mbio nzuri, na nyuma pale palipokatwa wima palikuwa na banda la ndege ndogo zilizoinuliwa kwa winchi. Waandishi wa vitabu, alisema, husifu mizinga. Yeye alipima manowari kwa supu. Bahari ikichafuka, sufuria ikabaki na supu yake, basi aliyeichora meli hiyo alikuwa na akili. "Yule bibi hakunimwagia supu ila mara mbili, na mara moja kosa lilikuwa langu."

Ndugu sita hao hawakumaliza vita pamoja. Tatu zilikuwa bandarini kwao Ufaransa Wajerumani walipokuja kuzichukua, na mabaharia wakazizamisha kwa mikono yao wenyewe zisitwaliwe. Tatu zilikuwa mbali, Afrika, zikapona. Alipofika hapo katika hadithi alishusha sauti kila mara, kama mtu aliyefiwa na shangazi.

Kuna siku walipewa amri ya kutoka Dakar kwenda kuokota watu baharini. Nyambizi ya Kijerumani ilikuwa imezamisha meli ya Waingereza iliyojaa abiria, askari na mateka wa Kiitaliano, na Wafaransa wakati ule walikuwa upande ambao hata wao wenyewe hawakuweza kuueleza. Waliokota watu wengi kuliko mabaharia waliokuwamo, na wote walitaka kula. Aliongeza maji kwenye supu, akaongeza tena, mpaka ikawa maji ya moto yaliyowahi kukutana na kitunguu. Alisema hakuna chakula alichowahi kupika kikashukuriwa kama kile. Halafu akageukia sambusa zangu, maana alikuwa ananifundisha kukanda, akasema hizo hazingeshukuriwa hata na waliozama.

Mwaka uliofuata bibi alikuwa upande mmoja na Waingereza na Wamarekani. Wakampeleka Marekani kutengenezwa. Wakaondoa ndege na banda lake, wakajaza mizinga midogo ya kutungua ndege, na mwishowe wakampaka milia, nyeusi na nyeupe, kutoka omo mpaka tezi, yaani kutoka mbele mpaka nyuma kabisa.

"Kama punda milia," nikasema. "Ili ijifiche."

"Punda milia anajificha wapi, mwanangu? Hajifichi. Anakuchanganya tu. Adui anaona kuna kitu, ila hajui kinakwenda wapi wala upesi gani. Na upande mmoja haufanani na mwingine. Mtu akiujua huu, ule hajaujua bado."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Alikuwa na picha moja, imekatwa kwenye gazeti la Kifaransa, imekunjwa hata ikawa laini kama kitambaa, na picha ilionyesha upande wa kulia. Upande huo nikaumaliza kwa Jumapili nne, nikitoka kanisani moja kwa moja, kwa kioo cha kukuzia na fimbo yangu ya kuegemezea mkono. Upande wa kushoto haukuwa na picha. Ulikuwa kichwani mwake tu, na kichwa chenyewe kilikuwa cha mzee mwenye kifua kibovu.

"Ukiisha kuupaka nitakufa kwa raha," alisema.

"Basi nitaupaka polepole," nikamjibu, akacheka mpaka akakohoa.

Tulianzia nyuma. Yeye aliketi upande wa pili wa meza, mkono juu ya ubavu wa podo, akinionyesha kwa kidole mahali mlia unapoanzia juu na unapoishia chini. Mimi nilipaka, mlia ukikauka aligusa. Rangi ya mafuta ikikauka huacha kingo, na vidole vyake vilisoma kingo hizo vizuri kuliko macho yangu yasomavyo gazeti. Jumapili nyingine tulipata milia miwili, nyingine mmoja, kwa sababu alianza hadithi tukasahau. Nilikuwa nikifika Gatitu jioni nimeshiba, nina maneno kinywani ya wiki nzima.

Naomba ieleweke kwamba nilikuwa na furaha. Sikuijua kwa jina wakati ule, lakini ndiyo ilikuwa.

Mlia wa tatu kutoka nyuma ulikuwa chini ya kibanda cha mizinga cha tezi. Wiki hiyo nilikuwa na haraka. Rangi ya chini, ile ya kijivu, nilipita kuipaka Jumamosi tu, na kwa baridi ile ilihitaji siku saba kukaza, lakini Jumapili nikaweka nyeusi juu yake. Fundi yeyote angenikemea. Mzee alinionyesha mwanzo na mwisho wa mlia bila kusema neno jingine, nami nikaushusha kwa mkono mmoja, mweusi, umenyooka, wa kupendeza. Kisha nikatoka kwenda bombani kuosha brashi. Pale bombani jirani mmoja aliniuliza, "Ati huyo mzee anakupikia kila Jumapili? Na wewe uko na bwana Othaya?" Nikamjibu kwamba sambusa haina bwana. Jibu lilinichukua dakika kadhaa kulifikia.

Niliporudi, mlia ulikuwa umeharibika. Katikati yake ulipinda kuelekea nyuma, umeburutwa, na kidole gumba cha mzee kilikuwa cheusi mpaka kwenye ukucha. Alikuwa amekaa ameelekea mlangoni. Macho yake yalikuwa na maji, lakini macho yale yalikuwa na maji siku zote.

"Leo tuishie hapa," akasema. "Alasiri imefika."

Akachukua fimbo akaenda msikitini. Mimi nikabaki na manowari.

Nilichofanya nilikifanya kwa moyo mweupe. Niliwaza: kipofu amegusa rangi mbichi, ameona haya kuniambia, akirudi wiki ijayo akikuta madoa ataumia. Nikachukua kitambaa na tapentaini, nikafuta kilichopinda, nikashusha mlia upya, mweusi umenyooka, nikaupa mkono wa pili wa rangi kwa uhakika. Haikunichukua hata robo saa. Nilitembea hadi Gatitu nikijiona mwema. Hata niliimba kidogo.

Jumapili iliyofuata aliomba kugusa kwanza, kabla ya chai. Vidole vilipita mlia wa kwanza, wa pili, vikafika wa tatu vikasimama. Vikarudi juu, vikashuka tena.

"Nani ameingia humu?"

"Hakuna mtu, mzee."

"Mstari umenyooka."

"Niliunyoosha mimi. Ulikuwa umeguswa."

Aliuondoa mkono, akaulaza pajani. Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya dukani.

Siku ya kupaka milia, kule Marekani, hakukuwa na mpishi wala mpiga mzinga. Kila mtu alipewa brashi. Yeye aliteremshwa ubavuni, upande wa kushoto kule tezi, juu ya ubao wa kamba mbili, pamoja na rafiki yake. Rafiki huyo alikuwa kijana wa Bukini, ndivyo alivyoiita Madagaska, aliyefua nguo za maofisa. Walikuwa wawili tu waliotoka pande hizi za bahari; wengine wote hawakuwajua hata majina. Kijana alikuwa na kikohozi. Alikuwa anapaka mlia wa tatu, kikohozi kikamshika, ubao ukayumba, brashi ikaenda nayo. Mlia ukapinda. Wakacheka mpaka ofisa akapiga kelele kutoka juu. Kwa mbali haukuonekana, hivyo wakauacha. Wiki chache baadaye kijana alipelekwa hospitali ya nchi kavu na kichomi, na manowari ikang'oa nanga bila yeye. Habari ya kifo ilikuja kwa karatasi. Kaburi lake mzee hakulijua, wala hakumjua mtu wa kumuuliza.

"Ule mstari ulikwenda vitani umepinda," akasema. "Mizinga ya Wajerumani ikautafuta pwani ya Italia, haikuupata. Kila nilipopata ruhusa ya kushuka bandarini nilizunguka kuutazama. Baadaye wakampaka bibi rangi ya kijivu, basi."

Nilihisi joto likinipanda shingoni, na kwangu mimi aibu na hasira hupanda ngazi moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nawe kwa nini hukuuliza?"

"Mimi nilidhani umeharibu! Ungesema tu, mzee. Neno moja."

"Sikujua kama nitaweza. Ulipotoka nikaweka kidole, na mkono ukaenda wenyewe. Miaka yote hii sikuweza kusema ulipindia wapi, na mkono ulikuwa unajua." Akauinua mkono wenyewe akautazama kana kwamba unaonekana. "Nilitaka nikwambie leo."

Nikapaka mlia upya papo hapo, mbichi, nikamwambia ajaribu tena. Alijaribu. Aligusa kwa ncha tu ya kidole, kama mtu anayepima maji ya kuoga mtoto. "Si hapo." Nikafuta, nikapaka. "Juu kidogo. Hapana." Mara ya tatu hakufika hata kwenye rangi.

"Sasa mkono unaniuliza mimi," akasema. "Nami sijui."

Nikamwambia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

"Kweli. Lakini mhunzi amechoka. Unyooshe, mwanangu."

Nikaunyoosha. Nimeandika vibao vya nusu ya mji ule na sijawahi kuuchukia mstari kama ule.

Tuliendelea mpaka mwisho wa upande wa kushoto, wiki tano au sita zaidi. Hakunikemea. Hakunitania tena githeri yangu, wala sambusa. Alisema "ahsante" na "ukipenda" na "kama hutajali". Adabu ile iliniuma. Nilikuwa nimezoea kutukanwa na mtu aliyefurahi kuniona, na sasa nilikuwa mgeni. Ningeweza kumwambia hivyo. Badala yake nilimaliza milia upesi na vizuri, kila mmoja mahali alipouonyesha, na tulipofika omo sikumtania kuhusu kufa kwa raha.

Baridi ilimshukia kifuani. Mpwa wake wa kike akapanda kutoka Mombasa kumchukua, mwanamke mpole aliyejifunga shali mbili na bado akatetemeka. Nilimsaidia kufunga vyombo vya jikoni. Mzee alikaa kwenye sanduku lake nje ya mlango.

"Huyu bibi hataweza kupanda basi," akaniambia. "Kaa naye wewe."

"Nitamleta Mombasa, mzee."

"Mlete." Akasita. "Usiache mvua impige."

Mpwa aliniandikia sanduku la posta kwenye karatasi ya majani chai. Nikaiweka ndani ya Biblia yangu. Sikuandika. Wiki ya kwanza sikujua la kusema. Baada ya hapo kila wiki iliyopita ilikuwa sababu mpya ya kuona haya. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini wangu hakungoja kuzaliwa kwa zamu.

Manowari niliiweka mezani pangu Gatitu, upande wa picha ukielekea chumbani na upande wa kushoto ukutani, nisiuone. Jumapili zilirudi kuwa ndefu. Nilijaribu kupika mkate wa sinia, ukafanana na kibao. Jambo moja tu nililobaki nalo ni kuacha mlango wazi nikiwa ndani, mchana, baridi au si baridi. Nilijiambia ni kwa ajili ya mwanga.

Kisha ikaja mvua ile isiyokoma, iliyokula barabara na madaraja, na bati la chumba changu likaanza kuvuja juu ya meza. Nikakumbuka nilichoambiwa. Asubuhi nikaivuta meza hadi karibu na mlango, nikaigeuza manowari ili ipite, na mwanga ukaulalia ubavu wa kushoto kwa upande, wa chini, kama unavyoulalia ubao wa bucha saa mbili asubuhi.

Mlia wa tatu ulikuwa umepinda.

Nilidhani ni kivuli. Nikaweka kidole. Katikati ya weusi wangu ulionyooka palikuwa na mfereji mwembamba, upana wa ukucha, ukitoka juu, ukielekea nyuma, kisha ukirudi polepole kwenye njia yake. Rangi ilikuwa imejivuta ikashuka ndani yake. Ndipo nilipoelewa. Siku ile ya kwanza alikandamiza kwa nguvu zake zote, na ukucha wake ukapita nyeusi ukaingia kwenye kijivu nilichokiweka kwa haraka, kingali laini kama siagi. Nami nilifuta cha juu tu. Mfereji wa chini niliufunika kwa mikono miwili ya rangi nzito, na vidole vyake havikuupata kwa kuwa siku zile ulikuwa umejaa. Zile mara tatu alizojaribu baadaye hazikuacha alama. Hakuwa amegusa vya kutosha.

Ulikuwepo muda wote. Alikaa wiki sita kando yake, akisema "ahsante".

Niliandika barua siku hiyohiyo, kurasa mbili, nikatembea na mwavuli hadi posta. Niliandika: mzee, mkono wako haukukosea, mstari upo, nimeugusa. Niliandika kwamba barabara ikipitika nitamleta bibi mwenyewe, nimfunge kwenye blanketi, nikae naye mapajani njia nzima. Niliandika pia kwamba chakula changu hakijabadilika. Nilitumaini atanitukana.

Jibu lilikawia kwa sababu ya barabara. Lilikuwa la mpwa, mistari michache kwa mwandiko mzuri. Mjomba alikuwa amefariki. Barua yangu ilifika siku ya arobaini yake, nyumba ikiwa imejaa watu, na mmoja wao aliisoma kwa sauti wakidhani ni ya rambirambi. Hawakuelewa ni mstari gani. Wazee wawili waliitikia amina, hata hivyo, na mpwa alinishukuru kwa kumkumbuka.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikalia, kwa sauti, mlango ukiwa wazi na watu wakipita, na sikujali.

Alasiri yake nilichukua brashi ndogo kuliko zote, ya nywele chache, pamoja na rangi nyeupe na nyeusi. Niliketi mahali pake, si pangu. Nikaweka kidole gumba cha kushoto ndani ya mfereji, nikawa nakisogeza kidogo kidogo, na brashi ikafuata nyuma yake: nyeusi ndani, nyeupe pale nilipokuwa nimenyoosha. Katikati, pale ubao ulipoyumba, mkono wangu ulitetemeka. Ulikuwa haujawahi. Doa dogo likatoka nje ya njia, upana wa punje ya uwimbi.

Kitambaa na tapentaini vilikuwa karibu. Sikuvigusa. Nilikaa nao wote watatu, kijana wa Bukini, mzee na bibi, mlango wazi, mpaka rangi ikaanza kushika.